Nyuma ya Nyumba ya Mama

Mpendwa kaka,

Mama tumemzika salama, kama ulivyokwisha kusikia kwa dereva wa lori aliyekuletea habari huko Usumbura. Sikulaumu kwa kutofika. Maiti ya Kiislamu haingoji lori, na barabara ya kutoka kwako tunaijua. Lawama yangu ni nyingine, nayo nimeibeba tangu kabla mama hajaugua, nikimficha yeye asiione. Sasa hayupo wa kumficha.

Barua hii si siri. Kabla sijampa dereva nitampa mwalimu wa chuo cha Kurani aisome kwa sauti nje ya msikiti, watu wa mtaa wa chini waisikie. Nimeambiwa wao ndio wanaofuata: mvua zikiisha nyumba zao zitavunjwa, na mchoro wa nyumba mpya utatoka tena mkononi mwako. Basi wasikie kwanza jinsi mama yako mzazi alivyoishi ndani ya mchoro wako, ndipo waseme ndiyo au hapana.

Unakumbuka nyumba yetu ya zamani ilivyojengwa? Naanzia mbali kwa sababu nyinyi mliosoma mnasahau upesi yale msiyoulizwa kwenye mtihani. Baba, Mungu amrehemu, alikuwa muuza vitambaa, mtoto wa watu wa Ujiji, naye alitaka nyumba yenye baraza kama ya babu yake. Mama, binti aliyetoka Rugerero, alitaka urugo kama wa kwao, yaani ua unaozunguka pande zote, ambamo mwanamke anaweza kukaa kichwa wazi bila kupigiwa hodi na mpita njia. Walivutana, mama alikuwa akituhadithia kwa kicheko, mpaka baba akachoka akasema, "Mbele ni yangu, nyuma ni yako. Sitatia mkono kwako."

Na hivyo ndivyo mtaa mzima ulivyojengwa. Mwanamume husimamisha mbele. Mwanamke akishahamia, hupanda nyuma. Mama alikata matawi ya miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe, akayachomeka ardhini moja baada ya jingine, na baada ya misimu michache tukawa na ua mzito ambao hata kuku hapenyi. Hakuna fundi aliyewahi kuulizwa habari za nyuma. Nyuma haikuwa kazi ya fundi.

Udongo wa kukandika tuliukanyaga mimi na wewe. Baba alimwaga maji, wewe ukanishika mkono nisiteleze, kisha ulipoona nimekuamini ukanisukuma nikaingia mzima mzima. Mama alikufukuza na mwiko hadi kwenye mawe meusi ya msingi. Ulijificha huko, na tulipokuja kukutafuta tulikukuta umepanga vijiwe vya volkano ukajenga nyumba yako ndogo, yenye vyumba na mlango. Baba akawaita wenzake wa barazani waje waone. "Huyu atanijengea ya ghorofa," akasema. Walicheka, nawe ukanuna mpaka chakula cha jioni.

Herufi ulinifundisha uani, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jikoni. Nikikosea ulitemea mate kidole chako ukafuta, ukaniambia kwamba hata mbuzi angekuwa ameshajua. Barua hii naiandika kwa herufi zilezile. Uani humo ndimo ulimolala ulipotahiriwa, umevaa kitenge cha mama, ukilia kwa kujibana wanaume wa barazani wasikusikie. Mama alitwanga kinu kitupu, kutwa nzima, ili kilio chako kisivuke ukuta. Kila mtu barazani alijua kuwa hakuna kitu kinuni, wala hakuna aliyesema neno. Kwa hiyo usiniambie kuwa uani ni mambo ya wanawake. Ulikuhifadhi wewe pia.

Na siku ya arusi yangu, unakumbuka? Wanawake walicheza uani tangu adhuhuri, vichwa wazi, ngoma ikipigwa na Bibi Mariamu, jirani yetu yule ambaye pia ndiye huosha maiti za wanawake hapa mtaani. Wanaume walikuwa mbele na kahawa yao, wakisikia kila kitu wasione kitu. Wewe ulibeba sinia ukaishia kwenye mlango wa kati, ukakohoa, ukangoja. Hakuna aliyekuambia ungoje. Nyumba yenyewe ilikuwa imekulea hivyo.

Kisha ukaenda shule ya ufundi Usumbura. Ulirudi na suruali yenye mkunjo, rula ndefu kama ya fundi cherehani, na neno la Kifaransa "bon" kila baada ya maneno mawili. Mama alikutania, "Huyu Bon ni rafiki gani, mbona hata kwenye chakula unamuita?" Ulicheka mpaka machozi. Bado ulikuwa wetu.

Jioni ile ulikaa naye uani ukamuuliza angetaka nini akipata nyumba mpya. Hakutaka makubwa. "Sakafu yenye haina funza," alisema. "Bati yenye haivuji. Na maji iwe karibu, magoti imechoka." Ukachukua mkaa, ukaenda kwenye ukuta uleule ulionifundishia herufi, ukachora. Msingi wa mawe yetu meusi, ukuta wa matofali, sakafu ya saruji. Madirisha ya kioo ukayaweka juu, ili mwanga uingie na macho yasiingie. Paa ukalitokeza mbele, chini yake baraza. Nyuma ukachora uani uliozungushiwa ua, na bomba la maji katikati. Majirani walikuja kutazama kama wanaotazama mtoto mchanga. Bibi Mariamu aliweka kidole penye bomba akauliza kama maji yatatoka hata wakati wa kiangazi. Sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda jioni ile, kaka, na ndiyo maana leo naumia hivi.

Najua wapo watakaosema huyu mwanamke anataka turudi kwenye nyasi. Nyasi nimezilalia, panya wake nawajua kwa sura. Mimi si adui wa saruji. Wanangu hawana funza miguuni, na kila nikifagia sakafu ile namshukuru aliyeileta. Mji unakua, Goma ng'ambo ya mpaka unakua, watu wanashuka kutoka Mudende na viazi vyao hawarudi tena, wanataka kupanga chumba. Lazima tujenge, na tujenge vizuri. Lakini wewe ulikwisha kutuonyesha kwamba kioo na uani vinaweza kukaa katika nyumba moja. Hukusoma kwenye kitabu, ulikuwa nayo kichwani kwa kuwa ulizaliwa humo. Asiyejua tunamsamehe. Wewe ulijua.

Halafu akaja yule bwana Mzungu wa ofisi ya majengo iliyokuajiri, na ubao wake. Tulikusanywa uwanja wa sokoni, nawe ukasimama kando yake kutafsiri. Karatasi iliyobandikwa ubaoni haikuwa nyumba ya ukutani kwetu. Mlango ulitazama barabara. Dirisha moja, pana kuliko kitanda, nalo likatazama barabara. Baraza hakuna, kwa sababu, ulitafsiri, barabara inatakiwa kunyooka na kuwa safi. Nyumba zote zitakuwa sawasawa, safu moja, ili wageni wanaokuja kupumzika ziwani wapite waone mji wa kisasa. Na nyuma ya nyumba, kwenye karatasi, palikuwa peupe tu.

Mama alisogea mpaka ubaoni. Aliweka kiganja chake pale peupe akasema, "Hapa nyuma ni kwangu. Nitapanda mwenyewe." Watu walicheka kwa kufarijika, maana kila mtu alikuwa amewaza hivyohivyo: karatasi inaonyesha kazi ya fundi, ya nyuma itakuja na mwanamke, kama siku zote. Bwana akakuuliza mama amesema nini. Ukamjibu maneno mafupi, akatabasamu, akampa mama mkono. Mama alirudi kwenye safu yake anauangalia mkono ule.

Wakati huo ulikuwa unajua kwamba ua umekatazwa. Usikane, wewe mwenyewe uliniambia baadaye kwamba amri ilikuwa imeshatoka, na kwamba hukutaka kuharibu siku. Ulimwacha mama yako akubali kitu ambacho hakikuwepo. Na yeye alipokubali, mtaa mzima ukakubali, kwa kuwa nani ataogopa mchoro wa kijana ambaye mama yake ameuridhia mbele za watu? Hukuhitaji kusema uongo. Ulinyamaza tu, tena ukiwa umevaa vizuri.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tuliacha. Walipovunja, baraza la baba lilikuwa la mwisho kuanguka, na miyenzi ya mama ilikatwa kwa panga mpaka watu wakaziba macho, utomvu wake ukiruka. Ukuta wa jikoni ulianguka na mkaa wako. Mama alisimama kando na kapu lenye matawi aliyoyachagua kwa ajili ya kupanda upya. Alikuwa na furaha, kaka. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Alipanda mvua za kwanza zilipoanza. Matawi yalianza kuchipua, akaja mtu wa afya akayang'oa. Alisema ua huficha uchafu na mbu, na hewa inatakiwa kupita. Mama akadhani ni mtu mbaya tu anayefanya ya kwake. "Mutoto wangu hawezi kataza kitu kama hii," alimwambia Bibi Mariamu. Akapanda tena, wakang'oa tena. Nikakutumia habari kwa dereva, nikidhani utashtuka. Jibu lako lilikuja kwa dereva yuleyule: mwambieni mama atazoea.

Basi alizoea. Alitundika kitenge dirishani, na chumba kikawa na giza kuliko nyumba ya nyasi. Jikoni ulipompimia palikuwa kama kabati, na mlango wake ulitazama mbele ya nyumba ya jirani, hivyo alipika kaufunga, akitoka macho mekundu. Kuoga aliamka kabla ya adhana. Wanawake waliokuwa wakija kusukana nywele na kuchambua maharage walipungua mmoja mmoja, kwani wangekaa wapi? Sebuleni, mume wa mtu akiingia kutafuta sigara? Siku moja mgeni wa hoteli alisimamisha gari, akapenyeza kamera penye upindo wa kitenge, akampiga picha mama akiwa anajipaka mafuta miguuni. Aliondoka akipunga mkono kwa adabu. Mama hakuelewa amekosa nini hata akatazamwa hivyo.

Ulikuja Idi ile moja ukakikuta kitenge. Ukakiondoa mwenyewe. "Mama, mwanga! Hewa! Ndiyo maana tumeweka dirisha."

"Mwangaza iko mingi, mutoto wangu," alikujibu. "Mahali ya kuvulia kitambaa ya kichwa ndiyo haiko."

Ulinitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyemfundisha. Ukakiweka kitenge kitini, ukaangalia saa, ukaenda kuwaamkia wakubwa zako. Hukukirudisha. Nilikirudisha mimi, na mama akanikataza kukusema.

Sasa nikueleze jinsi alivyooshwa, kwa sababu najua hakuna aliyekuambia. Wanaume wanaona aibu kukuambia, na wanawake hawakuandikii.

Alifariki asubuhi. Bibi Mariamu alikuja na ubani na kitanda cha kuoshea. Unajua kazi ile inavyotaka: ardhi ichimbwe ufuo, ule mfereji unaopokea maji chini ya kitanda, na pawe na sitara. Zamani ilifanyika uani, na baba mwenyewe alioshewa humo. Tulijaribu chumbani, kitanda hakikuingia. Mlango ule ulipimwa kwa mtu anayetembea. Sebuleni kiliingia, lakini ufuo utauchimba wapi penye saruji, na dirisha lile pana mbele yako, na watu wa matanga wameanza kufika barabarani? Bibi Mariamu alisimama katikati ya sebule yako akageuka pande zote. Mikono yake imeosha nusu ya akina mama wa mji huu, na sikuwahi kumwona akikosa la kufanya. Mwisho akasema, "Muchimbe inje. Na mashuka yote yenye iko, mulete."

Tulimtoa nyuma, pale peupe pa karatasi yako, panapoonekana kutoka barabarani kwa kuwa hapana ua. Wanawake walikuja na mashuka ya vitandani mwao, na wale jirani zetu Wakristo wa pwani ya ziwa nao wakaja na ya kwao, bila kuitwa. Wakayashika kwa mikono, wakizunguka. "Geuzeni uso inje," aliwaambia. "Hata mumoja asiangalie ndani." Basi wakasimama hivyo, migongo kwa mama yetu, nyuso kwa barabara, wakawa wao ndio ua.

Mchana upepo wa ziwani ukaanza. Unaujua, unapanda kila siku, hakuna mchoro wako uliowahi kuuuliza. Shuka la upande wangu lilijaa upepo likanitoka mkononi. Nililikamata, lakini si papo hapo. Barabarani walikuwa wanapita wanaume wawili wenye baiskeli, wamebeba ndizi kutoka Kanzenze. Waliona. Wakateremka, wakageuza nyuso zao ukutani, wakasimama vile mpaka nilipofunga shuka. Sikuwajua, na sikuwahi kuwashukuru. Mama yetu, aliyekuwa akipika kajifungia na moshi asionekane uso, alionekana mwili.

Nililia shuka likiwa mkononi. Sikulia kwa sababu amekufa. Hilo la Mungu, na umri ulikuwa umefika. Nililia kwa hasira, hasira juu yako wewe, na hata kaburini nilisimama nikiwa nayo.

Matangani wanaume walikalia mawe na magunia kandokando ya barabara. Gari likija wanasimama, likipita wanakaa. Imamu alikatisha dua akasogea kupisha lori la bia. Wazee waliokunywa kahawa ya baba barazani waliondoka mapema, wakiona haya kwa niaba yetu. Mmoja wao alinipa mkono akasema, "Nyumba njema si mlango, binti yangu." 

Jana dereva alinipa salamu zako. Umesema utakuja kwenye arobaini, na utaleta mabwana wa ofisi yako wawili watatu, wakae sebuleni, waone jinsi wenyeji wanavyoishi vizuri katika nyumba mpya. Umesema itasaidia mtaa wa chini usifanye ugumu. Nilisikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwomba dereva arudie, nikidhani nimekosea.

Njoo, kaka. Sikukatazi, ni mama yako kama alivyo wangu, na kisomo chake ni haki yako. Walete na hao wageni. Na mimi nimealika wangu: mtaa wa chini wote, wake kwa waume, nyumba kwa nyumba, nimepita mwenyewe kuwaambia. Nimetaka wawepo siku hiyo, kabla hawajaitwa uwanjani kuonyeshwa ubao.

Ila nyumba yako ina chumba kimoja cha kukaa, na mtu hawezi kuweka wanaume na wanawake pamoja kwenye kisomo. Ilibidi nichague. Nimewapa wanawake, na dirisha nimelifunga. Wewe na mabwana zako mtakaa barabarani pamoja na wanaume wengine. Magunia nimeshayafua. Gari likija, msimame mpishe, likipita mkae tena, na mtaa wa chini utakuwa unawatazama.

Mungu akufikishe.

Ni mimi, dada yako, mtoto wa mwisho wa mama